Alama za mazoezi na alama za mtihani: shajara ya kikundi chetu cha SAT, Nairobi

Machi, wiki ya matokeo

Matokeo ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya Marekani, yametoka, na katika kikundi chetu cha Jumamosi hapa Makadara kila aliyeufanya mtihani amepata chini ya alama aliyozoea kupata kwenye mazoezi. Aliyeshuka zaidi ni binti wa Kaloleni aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Kwenye ubao wetu wa alama za mazoezi ana 1420. Ripoti inasema 1260. Kijana wa Umoja alijiandikia 1350, akapata 1270. Yule wa Donholm amepungukiwa na 30 pekee, lakini naye amenuna.

Mama yake binti alinipigia simu mapema. "Mwalimu, huyu mtoto aliogopa, sivyo? Mbona hapo kwenu alikuwa anafanya vizuri?" Nikamwomba anipe muda kabla hatujamhukumu. Woga ndilo jibu la kwanza la kila mtu, na mtoto akishaambiwa aliogopa anabaki amebeba kasoro ambayo hakuna anayejua itatibiwa vipi. Anaweza kuibeba miaka. Sitaki tuseme hivyo mpaka tuwe tumeangalia kila kitu kingine.

Kwetu jambo hili linauma zaidi kwa sababu ya tulivyolelewa na mitihani. Moko za shule za sekondari, yaani mitihani ya majaribio kabla ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne, hukazwa. Maswali hutungwa magumu, usahihishaji hauna huruma, na mwanafunzi aliyepata C+ kwenye moko huambiwa asijali, KCSE itampa B. Mara nyingi inampa kweli. Kwa hiyo vijana wetu wanaingia kwenye SAT na imani ileile: mazoezi ndiyo magumu, siku yenyewe itakuwa afadhali. Safari hii mambo yamegeuka, na hawana pa kuliweka.

Lengo la mradi, kwa hiyo, si kupandisha alama kwanza. Tunataka alama ya mazoezi inayosema ukweli. Kurudia mtihani kunagharimu zaidi ya dola 100, na hakuna nyumba hata moja kwenye kikundi hiki inayotoa pesa hizo bila kuahirisha kitu kingine. Anayezitoa ana haki ya kujua analipia nini.

Machi, Jumamosi iliyofuata

Leo hatukufundisha. Kila mmoja alileta daftari na makaratasi yake, tukauliza swali moja kwa kila alama: hii ilitoka wapi?

Binti alitoa bahasha ya kaki yenye karatasi alizochapisha kwenye saiba, duka la intaneti, zimebanwa kwa stepla pembeni, wino umefifia kurasa za mwisho kiasi kwamba grafu ya swali moja la hisabati haionekani mistari. Ile 1420 ilitoka humo. Nikamwomba anionyeshe alivyopiga hesabu. Akafungua jedwali la kubadilisha idadi ya majibu sahihi kuwa alama. Lina safu mbili kwa kila sehemu, ya chini na ya juu, na kalamu yake nyekundu imezungushia safu ya juu kote. Tukajumlisha safu ya chini: 1370. Kwa majibu yaleyale.

Hapa inabidi nieleze mtihani wenyewe, maana wazazi watasoma shajara hii. Tangu Machi 2023 wanafunzi walio nje ya Marekani hufanya SAT kwenye kompyuta, kupitia programu inayoitwa Bluebook ya College Board, shirika lenye mtihani huu. Marekani yenyewe ilifuata mwaka 2024. Kuna sehemu mbili, Kusoma na Kuandika, kisha Hisabati, na kila sehemu ina moduli mbili. Kwenye Kusoma na Kuandika kila moduli ina maswali 27 kwa dakika 32. Kwenye Hisabati ni maswali 22 kwa dakika 35. Ukifanya vizuri moduli ya kwanza, programu inakuletea ya pili iliyo ngumu zaidi. Ukifanya vibaya, inakuletea iliyo nyepesi, na hapo alama za juu kabisa hazifikiki tena.

Majaribio ya kuchapisha hayako hivyo. Yalitengenezwa kwa ajili ya wale wanaoruhusiwa kufanya mtihani wa karatasi, na moduli zake ni ndefu zaidi: maswali 33 kwa dakika 39 kwenye Kusoma na Kuandika, 27 kwa dakika 43 kwenye Hisabati. Muhimu zaidi, hayabadiliki kulingana na unavyojibu. Kila mtu anapata maswali yaleyale, rahisi na magumu yakiwa yamechanganywa. Ndiyo maana jedwali linatoa safu mbili. Karatasi haiwezi kujua programu ingekupeleka moduli ipi, basi inakupa masafa. Binti alilipokea lile la juu kama ahadi.

Kisha nikamuuliza aliifanya lini. Kiingereza usiku wa Ijumaa, hisabati Jumamosi baada ya kufua. Hakuna aliyemkataza. Laptopu ya nyumbani ni ya kaka yake anayeitumia kazini, na karatasi ndizo alizokuwa nazo.

Machi, jioni ya siku hiyohiyo

Kijana wa Umoja hana shida ya karatasi. Yeye hutumia Bluebook, kwenye laptopu aliyoazimwa na mjomba wake. Shida yake niliiona tulipofungua jaribio lililompa 1350. Nilifika kwenye swali la kusoma, kifungu cha sentensi nne hivi kuhusu mmea na wadudu wanaouchavusha, na kabla sijamgeuzia skrini akasema, "Hiyo ni C." Ni C kweli. Jaribio hilo alilifanya mwezi wa kumi na mbili, akapitia maelezo ya kila swali, kisha akalirudia Februari. Alama ya pili ndiyo iliyoingia ubaoni.

Bluebook ina majaribio kamili machache. Kijana mwenye bidii anayamaliza haraka, na akiyamaliza anarudi mwanzo. Kuyarudia kuna faida kubwa ya kujifunza, na sitamwambia mtu aache. Lakini alama inayotoka hapo imepima kumbukumbu pamoja na uwezo, na siku ya mtihani kumbukumbu hiyo haina kazi.

Aprili, mvua

Tumekutana wachache, Jogoo Road ilikuwa imefurika upande wa kushuka. Tumeongea juu ya ubao.

Desturi ya ubao wetu ni kwamba kila mtu huandika alama yake ya juu. Ni desturi ya kutiana moyo na vijana wanaipenda. Ila chukua mtu ambaye majaribio yake yanacheza kati ya 1260 na 1350. Uwezo wake uko katikati. Ubaoni inabaki 1350, na baada ya wiki mbili yeye mwenyewe, mama yake na mimi tumeshazoea kumwita mtu wa 1350. Siku ya mtihani ni siku moja tu, na hakuna sababu iwe ile bora kuliko zote. Akipata 1300 atahisi ameporomoka, wakati amepata kile hasa anachoweza.

Gorogoro, kopo la kupimia, ya mahindi iliyojazwa mpaka ikafanya kichuguu si sawa na iliyopanguswa kwa mkono, na kila mama wa soko la Makadara anajua anauza ipi. Sisi tulikuwa tunapima mazoezi kwa kichuguu, mtihani ukapima kwa kupangusa.

Ripoti yenyewe inasema hivyo kwa asiyeiruka. Chini ya 1260 ya binti pameandikwa masafa, 1220 hadi 1300. Maana yake ni kwamba angeufanya tena kesho akiwa mtu yuleyule, alama ingeweza kutua popote humo. Kuna seti tofauti za maswali, na ndani ya kila moduli kuna maswali mawili ya majaribio yasiyohesabiwa kabisa, ambayo mwanafunzi hawezi kuyatambua. Mtu anaweza kupoteza dakika tatu kwa swali lisilo na alama hata moja. Kwa hiyo yule wa Donholm, aliyeshuka kwa 30, hakushuka. Nilimweleza mara mbili. Ya pili alicheka na kuomba chai.

Ubao umefutwa. Kila mtu sasa ana mstari wake wenye alama zote za majaribio mapya, yaani ambayo hajawahi kuyaona, yaliyofanywa kwenye Bluebook kwa kikao kimoja.

Aprili, Jumamosi ya mwigo

Masharti tuliyokubaliana: saa mbili asubuhi, simu zote kwenye boksi, Bluebook, hakuna kusimamisha saa, mapumziko ni yale ya dakika kumi kati ya sehemu mbili na basi. Saa mbili na dakika kumi na nne za kazi, bila kuhesabu mapumziko. Laptopu zimetoka kwa ndugu na majirani. Jirani yangu mmoja alitupa yake na chaja na neno la baraka, na namshukuru.

Nilimwomba binti aje akitokea mjini, si nyumbani kwao. Machi kituo chake kilikuwa upande wa Westlands. Milango inafunguliwa saa moja na dakika arobaini na tano na kufungwa saa mbili kamili. Siku hiyo ya Machi aliamka saa kumi alfajiri, akapanda matatu mpaka mjini, akatembea kutoka steji moja hadi nyingine, akapanda ya Waiyaki Way. Alifika akiwa amekunywa maji tu, kwa sababu aliogopa kutafuta choo katikati ya mtihani. Mazoezi yake yote alikuwa ameyafanya akiwa ameshiba, amekaa kitandani kwake. Haya ni mambo ya mwili na wala si ya moyo dhaifu, na yanaweza kupangwa: uji saa kumi na moja, ndizi mbili za kula kwenye mapumziko, na kulala kwa shangazi yake Kangemi usiku wa kuamkia mtihani.

Mvua ilipiga mabati katikati ya moduli ya pili ya Kusoma na Kuandika. Nikaiacha ipige.

Lililo kubwa lilitokea kwenye hisabati. Moduli ya kwanza binti aliimaliza na dakika zikabaki. Ya pili, baada ya maswali machache, aliweka kalamu chini na kukaa tu akiangalia skrini. Sikusema kitu mpaka muda ulipokwisha. Kisha akaniambia, "Mwalimu, hii ndiyo ilinipata Machi. Yakawa magumu ghafla. Nikajua nimeshafeli."

Hakuwa amefeli. Yalikuwa magumu kwa sababu moduli ya kwanza aliifanya vizuri, na programu ikampeleka kule kwenye alama za juu. Karatasi za saiba haziwezi kumwonyesha mtu hilo hata kidogo. Alikutana na moduli ngumu kwa mara ya kwanza maishani siku ya mtihani wenyewe, akaisoma kinyume, na tangu hapo akawa anafanya kazi ya mtu aliyekwisha kushindwa. Tuliongea kwa muda mrefu. Nimeandika kwa herufi kubwa juu ya mstari wake: YAKIWA MAGUMU, UKO PAZURI.

Aprili, daftari la binti

Jambo moja zaidi, dogo kwa kuliangalia, kubwa kwa alama. Swali liliuliza: mstari y = 3 unagusa y = x² − 6x + c mahali pamoja tu; c ni ngapi? Binti aliandika 36 − 4(c − 3) = 0, akapata c = 12. Safi kabisa. Kisha akaanza upya, akakamilisha mraba, mstari baada ya mstari, kila hatua na alama yake ya kwa hiyo, mpaka akapata 12 tena. Zaidi ya dakika tatu.

Amefundishwa hivyo kwa miaka minne, na KCSE inamlipa kwa hilo: njia ina alama zake hata jibu likipotea. SAT haioni njia. Inaona 12. Na ndani ya programu kuna kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu, ambapo angeweza kuingiza 12 na kuona kwa macho kwamba mstari umegusa mahali pamoja, sekunde chache tu. Nampenda sana mwanafunzi anayeandika hatua zake, na nilimwambia asiiache tabia hiyo, chuoni itamfaa. Kwenye hisabati ya SAT ana kama sekunde 95 kwa swali, basi hatua ziwe zile anazozihitaji yeye mwenyewe.

Tumepitia daftari zima kwa jicho hilo. Maswali aliyoyaacha wazi mwishoni mwa moduli yalikuwa mengi kuliko aliyoyakosa kwa kutojua. Na hakuna adhabu kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo hakuna swali linalostahili kuachwa wazi. Sasa wote wanajua: dakika ya mwisho, jaza.

Mei, mwanzoni

Mstari wa binti: 1280, 1250, 1290.

Nilimpigia mama yake. Nilimweleza kwamba katika hali zinazofanana na za mtihani, hapa kwetu, akiwa anatuamini na hana wa kumtisha, binti yake anapata alama zilezile alizopata Machi. Mtihani haukumnyang'anya chochote. 1420 ndiyo haikuwahi kuwepo.

Mama alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo hakuogopa."

"Hakuogopa, mama. Alipimwa kwa kipimo kingine."

"Basi nitamwambia. Nilimsema vibaya."

Mei, kuhusu kurudia

Yule wa Donholm hatarudia. Vyuo alivyochagua havidai SAT, na alama aliyonayo inamtosha kuituma kwa vile vinavyoipokea kwa hiari. Nimeuunga mkono uamuzi huo.

Binti na kijana wanarudia Juni. Hili tulilipima kwa makini, maana hali ya Marekani imebadilika. Mwaka 2020, janga lilipoingia, vyuo vingi viliondoa sharti la SAT. MIT ilitangaza kulirudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 zikafuata Dartmouth, Brown, Harvard na Yale, ingawa Yale hukubali pia mitihani mingine mahali pa SAT. Vyuo vikuu vya umma vya University of California, kwa upande mwingine, haviangalii SAT hata ukiituma. Kijana anayetafuta ufadhili kamili kutoka Nairobi hawezi kupuuza orodha ya kwanza, kwa sababu mle mna vyuo ambavyo havimnyimi mwanafunzi wa kigeni nafasi kwa kuwa hana pesa. Isitoshe, vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti. Hisabati ya Machi ikiwa juu, haipotei.

Mei, mwishoni

Binti: 1310, 1340. Moduli ngumu ya hisabati sasa anaikaribisha. Kijana: 1300, kisha 1320, yote kwa majaribio mapya. Nimewaomba waandike ubaoni, kabla ya mtihani, masafa wanayoyategemea. Binti: 1290 hadi 1350. Kijana: 1280 hadi 1340. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika ndoto.

Laptopu zimekaguliwa, betri zinashika. Bluebook huhitaji intaneti mwanzo na mwisho tu, katikati ikikatika kazi inaendelea, na kulijua hilo kumewaondolea wasiwasi mkubwa. Tikiti za kuingilia zimetolewa, pasipoti ziko tayari.

Juni, matokeo

Binti amepata 1320: 640 na 680. Yumo ndani ya masafa aliyoyaandika kwa mkono wake. Alinitumia picha ya skrini, na chini yake: "Mwalimu, ni ile tuliyosema." Imepanda 60 kutoka Machi, na kwangu hiyo ni habari njema, lakini iliyonifurahisha zaidi ni kwamba safari hii hakuna aliyelia wala aliyeshangaa, na mama yake amekwisha kuanza kuulizia barua za mapendekezo.

Kijana amepata 1260. Nje ya masafa, kwa upande wa chini, na chini hata ya Machi. Hisabati imepanda, Kusoma na Kuandika kumeshuka. Tumekaa naye Jumamosi nzima. Anasema moduli ya pili ya Kusoma ilimalizika akiwa na maswali sita hivi ya kubahatisha, jambo ambalo halijamtokea hapa hata mara moja. Alikuwa ameificha saa kwenye skrini, kama afanyavyo kwetu, ila hapa kwetu kuna saa kubwa ukutani mbele yake na kule alipoketi haikuwepo. Inawezekana ndiyo sababu. Inawezekana pia ni siku tu iliyoangukia ukingo wa chini. Ripoti yake inasema 1220 hadi 1300, na sitajifanya nina hakika.

Anajiandikisha kwa Agosti, mjomba amelipa. Saa ya ukutani tumeitoa. Majaribio mawili ya Bluebook hajayagusa: moja atalifanya katikati ya Julai, la pili wiki mbili kabla ya mtihani, na katikati hapo ni vifungu vya kusoma vya kila jioni kwa mwendo wa sekunde 70 kwa swali. Waliojiunga upya wiki hii, wanne, wameambiwa wasichapishe chochote saiba mpaka tuzungumze.